Kadi, Duka na Kiapo: Uhakiki wa Uaminifu wa Kisiasa wa Waasia katika Maandishi Matatu ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya kisiasa ya Afrika Mashariki, swali la Mhindi yuko upande gani limeulizwa mara nyingi kuliko swali la Mhindi anataka nini. Swali la kwanza ni la shaka. La pili ni la uraia. Makala haya yanahakiki maandishi matatu ambayo, kila moja kwa njia yake, yanalijibu swali la kwanza na kulikwepa au kulikaribia la pili. Maandishi hayo ni tawasifu ya Sophia Mustafa, The Tanganyika Way (1961). Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta n'kuvute (1999). Na riwaya ya M. G. Vassanji, The In-Between World of Vikram Lall (2003). Andiko la kwanza linahusu Tanganyika, la pili Zanzibar na la tatu Kenya. Yote matatu yanagusa kipindi kilekile: miaka ya mwisho ya ukoloni, ambapo vyama vya siasa viliwataka watu wachague.

Neno Waasia linatumika hapa kwa maana iliyozoeleka katika ukanda huu, yaani watu wenye asili ya Bara Hindi: Wahindu, Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Masingasinga, Majaini na Wagoa. Upana huo wenyewe ni onyo kwa mhakiki. Watu waliotofautiana kwa dini, lugha, kazi na kipato hawawezi kutarajiwa kuwa na chama kimoja, na historia haionyeshi kwamba waliwahi kuwa nacho. Hata hivyo, wamezungumziwa kana kwamba ni mpiga kura mmoja mwenye sura nyingi.

Hoja inayotetewa ni kwamba uaminifu wa Mwasia kwa chama, kama unavyosawiriwa katika maandishi haya, si tabia ya jamii wala urithi wa damu. Ni jibu kwa masharti aliyowekewa ili ahesabiwe kuwa mwenyeji. Aidha, makala yanaonyesha kwamba jibu hilo halimo katika maudhui pekee bali pia katika fani: Mustafa anatoa ushuhuda, Shafi anasimulia mapenzi, na msimulizi wa Vassanji anafanya maungamo. Ushuhuda, mapenzi na maungamo ni njia tatu za kumthibitishia mtu mwingine jambo. Kwa hiyo, katika kila andiko kuna baraza lisiloonekana, na Mwasia amesimama mbele yake.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uchambuzi huu unaongozwa na nadharia ya Baada-ukoloni, hususani hoja ya Mahmood Mamdani katika Citizen and Subject (1996). Mamdani, ambaye mwenyewe ni Mganda mwenye asili ya Asia, anaeleza kwamba dola ya kikoloni iliwagawa watu kisheria. Wenyeji waliwekwa katika makabila na kutawaliwa kwa sheria za mila. Wageni waliwekwa katika rangi na kutawaliwa kwa sheria ya kiraia. Katika mgawanyo huo Mwasia alipata nafasi ya katikati: alikuwa chini ya Mzungu, lakini mbele ya sheria hakuwa mwenyeji. Nafasi hiyo ilimpa fursa kadhaa na ikamnyima jambo moja kubwa, yaani uwezo wa kudai kwamba yuko nyumbani.

Nguvu ya nadharia hii kwa mhakiki wa fasihi ni kwamba inauhamisha mjadala kutoka kwenye tabia za watu hadi kwenye miundo iliyowaweka mahali fulani. Udhaifu wake ni kwamba muundo hausemi kwa nini ndugu wawili waliolelewa nyumba moja huchagua pande tofauti. Pengo hilo ndilo fasihi inayoweza kuliziba, na ndiyo sababu ya kuyasoma maandishi haya pamoja.

3.0 The Tanganyika Way: Uaminifu Usio na Kadi

Sophia Mustafa alizaliwa Bara Hindi, akakulia Nairobi, na hatimaye akaishi Arusha. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Jimbo la Kaskazini katika kiti cha Waasia, kwa kuungwa mkono na TANU. Tawasifu yake inasimulia uchaguzi huo na safari ya kuelekea uhuru.

Ili kuuelewa uaminifu unaosimuliwa humo, ni lazima kuukumbuka mfumo wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kupiga kura ilitegemea kipato cha pauni 150 kwa mwaka, elimu ya darasa la nane au kazi maalumu. Mfumo huo ulikusudiwa kulinda uwakilishi wa rangi. TANU, baada ya uamuzi wa mkutano wa Tabora wa Januari 1958, iliukubali kwa shingo upande na kuugeuza: kwa kuwa kila Mwafrika aliyejiandikisha alikuwa na kura ya kumchagua Mwasia, Mwasia asiyeungwa mkono na TANU alikuwa na nafasi ndogo ya kushinda hata kama jamii yake yote ingekuwa nyuma yake.

Hapa ndipo penye kitendawili ambacho tawasifu inakipita haraka mno. Mustafa alikuwa mgombea wa TANU bila kuwa mwanachama wa TANU, kwa sababu wakati huo chama hicho kilikuwa cha Waafrika pekee. Milango ya uanachama ilifunguliwa kwa wengine baada ya uhuru. Chama kilichokuwa tayari kumpa kadi mtu wa rangi yoyote kilikuwa UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 na kupendelewa na Gavana Twining. Kwa maneno mengine, chama kilichokuwa wazi kwake kilitetea mpangilio wa rangi, na chama kilichofungwa kwake kilidai usawa. Mustafa alichagua mlango uliofungwa. Uamuzi huo ndio kiini cha kitabu, na ni uamuzi wa kisiasa katika maana kamili ya neno: aliipima sera, hakuhesabu faida ya kadi.

Pamoja na hayo, fani ya kitabu inaupunguza uzito wa uamuzi huo. Jina lake linaitanguliza nchi na njia yake, na mwandishi anakuwa shahidi wa njia ambayo tayari imeshachaguliwa na wengine. Ushuhuda una kanuni yake: shahidi hujitahidi aaminike, na ili aaminike huyapunguza mashaka yake. Matokeo yake, mivutano ndani ya jamii ya Waasia wenyewe inabaki pembezoni. Msomaji anamwona Mwasia aliyeelewa. Hamwoni vya kutosha mwenye duka wa mji mdogo aliyeogopa, wala tajiri aliyekuwa akipima upepo. Kinachokosekana si picha nzuri zaidi ya Waasia bali picha yenye ugomvi zaidi.

Historia iliyofuata inauonyesha ugomvi huo. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Nyerere alilazimika kupambana na wabunge wa upande wake waliotaka uraia ufungamane na rangi. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa na mabenki kutaifishwa, Waziri wa Fedha alikuwa Amir Jamal, Mwasia mwingine aliyeingia Barazani kwa kuungwa mkono na TANU. Mwaka 1971, sheria ya utwaaji wa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwagusa Waasia wengi, na wengi wao waliondoka nchini. Jamal na mwenye nyumba aliyenyang'anywa walikuwa wa jamii moja. Anayesema kwamba Waasia waliipenda TANU, na anayesema kwamba waliichukia, wote wawili wamemchagua shahidi mmoja na kumfungia nje wa pili.

4.0 Vuta n'kuvute: Uaminifu Unaopitia Nyumbani

Tukihama kutoka Arusha kwenda Unguja, na kutoka tawasifu kwenda riwaya, swali linabadilika. Yasmin, mhusika mkuu wa Vuta n'kuvute, hagombei kiti. Ni msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado mdogo kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anaitoroka ndoa hiyo, anakataliwa na jamaa zake, na anapata hifadhi Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza na anayesakwa na polisi.

Ustadi wa Shafi umo katika mpangilio wa matukio. Yasmin haasi kwanza dhidi ya dola. Anaasi dhidi ya mume. Siasa inamfikia baadaye, na inamfikia kupitia watu waliomfungulia mlango wakati watu wa nyumbani kwake walipoufunga. Riwaya inaonyesha kwamba kabla mtu hajachagua chama huwa ameshachagua, au ameshachaguliwa na, watu wa kula nao na kulala kwao. Mpaka kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo katika riwaya hii ni mpaka wa rangi na wa tabaka, lakini kwa Yasmin unavukwa kwa miguu ya msichana anayetafuta pa kulala. Hakuna hotuba ya chama iliyoweza kumfikisha huko.

Katika miaka hiyo Zanzibar ilikuwa ikigawanyika vikali. Hizbu ilianzishwa mwaka 1955 na Afro-Shirazi mwaka 1957, na mgawanyiko huo uliingia hadi madukani na misikitini. Shafi hamlazimishi Yasmin kubeba kadi ya chama chochote. Hilo linaweza kusomwa kama udhaifu, yaani kwamba mwanamke amenyimwa kauli ya kisiasa na amebaki mpenzi wa mwanasiasa. Lawama hiyo ina msingi. Mwelekeo wa Yasmin unategemea sana mapenzi yake kwa Denge, na mapenzi hayo hayaishii kwenye ndoa. Fani ya simulizi ya mapenzi inadai uthibitisho wake: Mhindi anaonekana kuwa mwenzetu kwa sababu amempenda mmoja wetu. Mwasia ambaye hakumpenda mtu wa Ng'ambo, lakini aliuchukia ukoloni kwa hoja zake mwenyewe, hapewi nafasi ya kutosha. Siasa ya riwaya inaendeshwa hasa na Denge na wenzake. Uhindini kunawakilishwa zaidi na duka na familia. Raza, kwa sehemu kubwa, anabaki mhusika bapa, na duka lake linabeba maana aliyokwisha kuwa nayo msomaji kabla hajafungua kitabu.

Hata hivyo, usomaji mwingine unawezekana, nao ni wa kina zaidi. Yasmin anakataa kuwa mali ya kukabidhiwa. Msomaji wa mwaka 1999 alijua kwamba mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa Zanzibar kuolewa na watu wa ngazi ya juu serikalini, kwa jina la kuvunja ubaguzi wa rangi. Riwaya haiyataji hayo, kwani imejengwa katika miaka ya ukoloni, lakini inatoa kipimo cha kuyahukumu. Kama ni kosa familia kumkabidhi msichana kwa Raza ili kulinda jamii, basi ni kosa pia dola kumkabidhi msichana kwa kiongozi ili kujenga taifa. Muungano wa watu una thamani ukichaguliwa. Kwa maana hiyo, Vuta n'kuvute ina jibu la kisiasa lililo pana kuliko la chama chochote, na pengine ndiyo sababu liliweza kuishi hadi likafanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021.

5.0 The In-Between World of Vikram Lall: Uaminifu Unaouzwa

Vassanji anaianza riwaya yake mahali ambapo Mustafa na Shafi hawakufika. Vikram Lall, akiwa mafichoni Kanada, anajitambulisha kama mmoja wa wala rushwa wakubwa wa Afrika. Kisha anarudi nyuma hadi Nakuru mwaka 1953, wakati wa Mau Mau, na anasimulia jinsi mjukuu wa fundi wa reli alivyopanda hadi kuwa mtu wa kupitishia fedha za wakubwa.

Familia ya Lall ndiyo kanusho bora la dhana kwamba jamii ina msimamo mmoja. Baba anaiheshimu Dola ya Uingereza. Mjomba Mahesh, ndugu wa mama, anawaunga mkono wapiganaji hata kufikia kuwapatia silaha kwa siri, na baada ya uhuru anabaki upande wa wanasiasa wa mrengo wa kushoto. Deepa, dada wa Vikram, anampenda Njoroge, na familia inayazuia mapenzi hayo. Vikram mwenyewe hampingi mtu wala hamtetei mtu, anatumika. Watu wa meza moja ya chakula wana siasa nne. Aliyethubutu zaidi kuwa mwaminifu, yaani Mahesh, ndiye anayeishia kufungiwa nje ya nchi aliyoipigania, na asiyekuwa na msimamo ndiye anayetajirika.

Kejeli hiyo haikubuniwa hewani. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki mwaka 1950, akakamatwa mwaka huohuo na kuzuiliwa hadi 1961. Kenya huru haikumpa wadhifa wa maana. Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, alifungwa na wakoloni, akawa mbunge wa KANU, na aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Watu hao wawili walitoa kila kilichodaiwa kuwa ushahidi wa uaminifu. Kumbukumbu ya umma ilimhifadhi vizuri zaidi mwenye duka.

Tatizo la riwaya limo katika sauti yake. Vikram anaungama, na anayeungama ndiye mwenye usukani wa maungamo. Anaieleza nafasi ya katikati kana kwamba ilimlazimisha kuwa alivyo: aliyekosa nyumbani hawezi kukataa anapoitwa na mwenye nyumba. Mhakiki hana budi kulitilia shaka dai hilo, kwa sababu riwaya yenyewe inalipinga kupitia Mahesh, aliyesimama katika nafasi ileile akachagua njia nyingine. Isitoshe, matajiri wa kila asili wamevichangia vyama tawala, na hawakuhitaji kuwa Waasia ili kufanya hivyo. Nafasi ya katikati inaeleza kwa nini Vikram aliaminiwa kupitisha fedha: hakuwa na jimbo la uchaguzi, hivyo hakuwa tishio. Haielezi kwa nini alikubali.

Kenya imeendelea kulijibu swali hili kwa namna inayoipa nguvu hoja ya Mamdani. Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliwatambua Waasia kuwa kabila la 44. Wengi walilipokea tangazo hilo kwa furaha, na furaha hiyo inaeleweka. Lakini maana yake ni kwamba watu waliokuwa rangi wamegeuzwa kuwa kabila. Uraia wa mtu mmojammoja haukutosha. Ilibidi waingie kama kundi, na kundi ndilo linaloulizwa litapigia kura upande gani.

6.0 Swali Lilelile Ughaibuni

Mwelekeo huohuo wa kusoma umewafuata Waasia wa Afrika Mashariki hadi Uingereza. Mwaka 1968 serikali ya chama cha Labour ilipitisha kwa siku chache sheria iliyowazuia wenye pasipoti za Uingereza kutoka Kenya kuingia kwa uhuru. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, serikali ya Conservative ya Edward Heath iliwapokea takriban 28,000. Kutokana na matukio hayo imejengwa simulizi ya shukrani: kwamba Waasia wa Uganda na watoto wao ni wafuasi wa Conservative kwa sababu ya deni.

Simulizi hiyo ina chembe ya ukweli, lakini haihimili uchunguzi. Serikali ya Heath ndiyo iliyotunga pia Sheria ya Uhamiaji ya 1971 iliyobana milango zaidi, na Enoch Powell, aliyewashambulia wahamiaji katika hotuba yake ya Aprili 1968, alikuwa mbunge wa chama hichohicho. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda katika miaka ya 1960, kabla ya amri ya Amin. Baba yake Rishi Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Hakuna deni la 1972 katika historia za familia hizo. Leicester Mashariki, katika mji uliopokea Waasia wengi wa Uganda, ilimchagua mbunge wa Labour kuanzia 1987 katika kila uchaguzi mkuu hadi ilipokwenda Conservative mwaka 2024, mwaka ambao chama hicho kilishindwa vibaya kitaifa. Na Novemba 2025, Zohran Mamdani, mwana wa Mahmood Mamdani aliyezaliwa Kampala, alichaguliwa Meya wa New York kwa tiketi ya Democratic akiwa na sera za kisoshalisti. Asili moja imezaa mielekeo inayopingana.

Aprili 2022, Patel akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alitia saini Kigali mkataba wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Wengi walishangaa kwamba mtoto wa wahamiaji angefanya hivyo. Mshangao huo unastahili kuhakikiwa sawasawa na tendo lenyewe. Waziri anaweza kulaumiwa kwa sera yake, na sababu za kuilaumu zipo. Lakini anayemlaumu kwa kuisaliti asili yake amekubali kwamba asili inadai kura. Hapo amerejea kwenye baraza lilelile lililomsubiri Mustafa, Yasmin na Vikram.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba maandishi matatu yanaukana msimamo mmoja wa jamii kwa maudhui yake, lakini yanauendeleza kwa fani zake. Mustafa anashuhudia, Yasmin anapenda, Vikram anaungama. Kila mmoja anatakiwa kuthibitisha kile ambacho wenzao hawaulizwi. Kati ya maandishi hayo, Vuta n'kuvute ndiyo inayokaribia zaidi kuvunja kanuni hiyo, kwa kuwa kukataa kwa Yasmin kukabidhiwa kunatangulia siasa yoyote na kunaihukumu siasa yoyote. The Tanganyika Way inabaki na thamani ya pekee kama kumbukumbu ya mtu aliyekichagua chama kisichoweza kumpa kadi, ingawa inausimulia ujasiri huo kwa sauti ya chini mno. Riwaya ya Vassanji inafichua bei ya uaminifu, lakini inamwachia muuzaji nafasi kubwa ya kujitetea.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nao una wajibu wake. Kila unapompima mhusika wa Kihindi kwa kuuliza kama alikuwa pamoja na wananchi au la, unamtoa kwanza katika wananchi ndipo unamuuliza. Mhusika huyo anastahili maswali wanayoulizwa wengine: alitaka nini, alimkosea nani, aliogopa nini, alijifunza nini. Majibu yake yanaweza kumtia hatiani, kama yanavyomtia Vikram. Ila atakuwa amehukumiwa kwa aliyoyatenda.